Majirani waulizwe kabla kiwanja hakijanunuliwa

Mhariri,

Maombi mengi ya vibali vya vituo vya taka na urejelezaji hukwama kwenye mkutano wa hadhara, kisha wananchi hulaumiwa kwamba wanapinga maendeleo. Lawama hiyo si ya haki. Mara nyingi wameitwa kiwanja kimeshanunuliwa na michoro imeshakamilika, hivyo wamebakiwa na kukubali au kuzomea. Mkataba wa Aarhus wa 1998 kuhusu haki ya wananchi kushiriki katika maamuzi ya mazingira, unaozihusu hasa nchi za Ulaya, unataka ushirikishwaji uanze mapema, wakati hakuna njia iliyokwisha kufungwa. Ni kanuni ya kufuatwa hata pale ambapo mkataba wenyewe haufiki.

Mazungumzo ya kwanza yahusu vigezo: umbali kutoka kwenye nyumba na visima, uelekeo wa upepo, kina cha maji ya ardhini, historia ya mafuriko, barabara ya malori. Vikishakubaliwa, maeneo matatu au manne yapimwe kwa vigezo hivyo hivyo na matokeo yote yatangazwe, yakiwemo ya maeneo yaliyoshindwa.

Kisha zije hesabu ambazo jirani anaweza kuzihakiki mwenyewe. Kituo cha tani 200 kwa siku, kikihudumiwa na malori ya tani 8, kitapokea malori 25. Kwa kwenda na kurudi, ni mipito 50. Kikifanya kazi saa 10, lori litapita mbele ya nyumba kila dakika 12. Mwombaji anayejibu tu kwamba "msongamano utakuwa mdogo" amejiharibia, maana watu watapiga hesabu hiyo wenyewe na hawatamwamini tena kwa lolote.

Vituo pia visichanganywe. Cha kuchambua karatasi, chupa na makopo makavu kina shida ya kelele, vumbi, mifuko inayopeperuka na moto, hasa betri za lithiamu zinapopondwa. Cha mboji hunuka lundo likikosa hewa: limelowa kupita kiasi, au mabaki ya chakula yamezidi majani makavu na vipande vya mbao. Kwa hiyo ielezwe lundo litageuzwa mara ngapi, na taka mbichi zitapelekwa wapi mashine ikiharibika. Dampo lina jambo zito zaidi: maji machafu na gesi ya methane huendelea kutoka miaka mingi baada ya kufungwa, hivyo fedha za kulifunga na kulitunza zitengwe tangu mwanzo.

Mkutano mmoja mkubwa wenye kipaza sauti huwapa nafasi wenye sauti kubwa. Vikao vidogo vya mtaa kwa mtaa, kwa saa tofauti, huwafikia wafanyabiashara, kina mama wenye watoto, na waokota taka ambao kituo kinaweza kuwanyang'anya riziki. Muhtasari wa tathmini ya athari kwa mazingira uandikwe kwa lugha ya kawaida. Kila pingamizi liorodheshwe pamoja na jibu lake na kilichobadilishwa, na orodha hiyo itangazwe kabla maombi hayajawasilishwa. Kama hakuna mstari hata mmoja uliobadilika kwenye mchoro, hayo hayakuwa mashauriano. Na jezi za timu ya mtaa au misaada mingine isigawiwe wakati kibali kinasubiriwa, inanuka rushwa.

Ahadi za mdomo nazo hazitoshi. Ziingizwe kwenye masharti ya kibali kwa maneno yanayopimika. "Harufu isisumbue" ni vigumu kusimamia. "Mabaki ya chakula yasikae kwenye banda la kupokelea zaidi ya saa 48" yanakaguliwa kwa kuangalia daftari. Vivyo hivyo kiwango cha juu cha tani kwa siku, saa za malori, urefu wa malundo na muda wa kujibu malalamiko. Kamati ya majirani ipewe haki ya kusoma daftari la mizani, yaani la uzito wa taka zinazoingia. Na eneo likishindwa kigezo kilichokubaliwa, mwombaji atafute jingine, hata kama la kwanza ameshalilipia.