Usichomeke vijiti kwenye wali: barua kwa Mama kutoka Kyoto

Kyoto, Japani
20 Agosti

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na shangazi na watoto wote hawajambo. Mimi sijambo, alhamdulillah, ila joto la huku mwezi huu linashinda la Tanga, na nyenje wanalia mitini kutwa nzima hata simu huisikii.

Juzi uliniuliza, "Hao watu unaokaa nao wanamwabudu nani?" Nikakujibu haraka haraka kwamba ni Wabudha, kisha salio likaisha. Jibu lile halikuniridhisha. Tena mdogo wangu anakuja kuanza masomo mwishoni mwa Septemba, na ni vizuri ajue mapema anaingia nyumba ya namna gani. Msome pamoja.

Mjapani ukimuuliza dini yake, mara nyingi atakwambia hana. Usiishie hapo, tazama mikono yake. Mtoto akizaliwa hupelekwa jinja, ndiyo nyumba ya ibada ya Kishinto, dini ya miungu ya kienyeji. Akifika miaka 3, 5 au 7 huvalishwa kimono na kurudishwa huko mwezi wa Novemba kushukuru kwamba amekua. Mtu akifa, anayekuja kumsomea ni mtawa wa Kibudha. Ubudha uliingia nchini kutoka Korea katika karne ya 6, ukaukuta Ushinto, na mpaka leo familia moja hufuata yote mawili bila kuona tatizo. Jinja utaitambua kwa lango lake la nguzo mbili na boriti juu. Ndani huinama mara mbili, hupiga makofi mawili, huinama tena mara moja. Kwenye hekalu la Kibudha hakuna makofi, viganja hukutanishwa kimya kimya. Mdogo wangu halazimiki kufanya lolote kati ya hayo. Asimame pembeni kwa adabu, hakuna atakayemlaumu.

Lakini dini yenyewe nimeijulia hapa nyumbani, kwa bibi mwenye nyumba wetu. Ana miaka 81, na mumewe alifariki mwezi wa Machi. Sebuleni ana kabati jeusi la kung'aa, lenye milango miwili, linaitwa butsudani. Ndani mna sanamu ndogo ya Budha na kibao chenye jina la marehemu. Si jina alilokuwa akiitwa duniani. Ni jina jipya alilopewa baada ya kufa. Kila asubuhi wali ukiiva, choto la kwanza ni la mumewe: analitia katika kikombe kidogo cha shaba na kulitenga mbele ya kile kibao. Anabadilisha chai. Anawasha kijiti cha ubani, anagonga kikengele mara moja, na mlio wake unakwenda ukififia mpaka hujui umekoma saa ngapi. Kisha anampa habari za jana: nani alipiga simu, nyanya zimepanda bei. Baada ya hapo ndipo anapokula yeye.

Wiki yangu ya kwanza nilitenda kosa ambalo sitaki mdogo wangu alirudie. Tulikuwa mezani, nikavichomeka vijiti vyangu vya kulia wima katikati ya wali ili nishike bakuli la supu kwa mikono miwili. Bibi akanyoosha mkono, akavichomoa taratibu, akavilaza. Hakusema neno, lakini macho yalikuwa yamemlenga machozi. Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba wali wenye vijiti vilivyosimama ni wali wa maiti, huwekwa kichwani pake kabla ya mazishi. Na chakula hakipokezwi kwa vijiti, kutoka vijiti vya mtu hadi vijiti vya mwingine, kwa sababu hivyo ndivyo ndugu wanavyookota mifupa baada ya maiti kuchomwa.

Ndiyo, Mama, huku karibu kila maiti huchomwa. Najua habari hiyo ni nzito kwako, na mimi ilinikaa kifuani siku kadhaa. Ila bibi alinieleza jinsi walivyoiokota mifupa ya mumewe kwa vijiti virefu, wakianza na ya miguuni, wakimalizia na ya kichwa, ili asije akakaa kichwa chini ndani ya chungu. Nikawakumbuka wewe na shangazi mlivyomwosha Bibi yetu, mkianza upande wa kulia, mkimgeuza kama mtoto mchanga. Mlinisimulia kwenye simu kwa sababu sikuweza kuja. Nilipomsimulia bibi mwenye nyumba, alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza maji yalikuwa ya moto au ya baridi.

Nao wana arobaini yao, ila ni siku 49. Wanahesabu saba mara saba, na wengine kila siku ya saba wanamsomea maiti.

Sasa nije kwenye Obon, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Ni siku ambazo marehemu wanarudi nyumbani kuwatembelea jamaa zao. Sehemu nyingi za nchi ni tarehe 13 hadi 16 Agosti, ingawa Tokyo wengi hufanya Julai. Asili yake wanaisimulia hivi: mwanafunzi mmoja wa Budha, wanamwita Mokuren, alimwona mama yake aliyekufa yumo miongoni mwa roho zenye njaa. Akampelekea chakula, na kila tonge lilipofika mdomoni likageuka moto. Budha akamwambia awalishe watawa siku ya 15 ya mwezi wa saba, na kwa sadaka hiyo mama akaokoka. Niliposikia "sadaka kwa ajili ya mama" nilikaa kimya.

Mwaka huu ilikuwa Obon ya kwanza ya mzee, na ya kwanza ina uzito wake; hutundikwa taa ya karatasi nyeupe. Tarehe 8 tulikwenda hekalu la Rokudo Chinno-ji, ambako kuanzia tarehe 7 hadi 10 watu wa Kyoto wanakwenda kuwaita wafu wao kwa kengele. Kengele yenyewe huioni, imefungiwa ndani ya kibanda, imetoka kamba tu tunduni. Kengele za mahekalu mengine hugongwa kwa kusukuma gogo. Hii unaivuta kamba kuja kwako, na wanasema mlio wake unafika chini ya ardhi. Tulipanga foleni juani saa nzima na ushee. Bibi aliandikiwa jina la mumewe kwenye ubao mwembamba, akaurashia maji kwa tawi bichi la mti unaoitwa koyamaki. Inasemekana roho huja imepanda majani hayo. Kwenye basi nilitaka kumpokea mizigo. Akanipa mkoba na mwavuli, tawi hakunipa. Alilipakata kwa mikono miwili mpaka mlangoni.

Si Wabudha wote wanaoamini hivyo. Kuna madhehebu makubwa hapa, Jodo Shinshu, wanaosema aliyekufa ameshafika katika Nchi Safi, ndiyo pepo yao, na hana haja ya kuitwa kwa kengele. Kwa hiyo mdogo wangu asije akamwambia kila mtu "nyinyi mnaamini hivi".

Wanawe walikuja kwa treni, wakaenda kuliosha kaburi kwa ndoo na kata, kila mmoja akimwagia maji. Siku tatu nyumba ilijaa.

Tarehe 16 usiku ndiyo ya kuwasindikiza. Mioto mikubwa huwashwa kwenye milima mitano inayouzunguka mji, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza, saa mbili kamili, ni herufi yenye maana ya "kubwa" kwenye mlima wa mashariki: mafungu 75 ya kuni za msonobari, na mkono mrefu kuliko yote wa herufi hiyo una mita 160. Watu huandika majina ya marehemu wao kwenye vijiti vya kuni, vinaitwa gomagi, vikaungue humo. Bibi alinunua viwili. Kimoja akaandika jina la mumewe. Cha pili akanisogezea pamoja na kalamu, akasema, "Hiki cha bibi yako."

Mama, nilikishika kile kijiti nisijue la kusema. Nikamwambia sisi hatufanyi hivyo, sisi tunamwombea tu kwa Mungu, popote tulipo. Niliogopa nimemvunja moyo. Akaniuliza, "Basi utamwombea wapi?" Nikasema hata pale mtoni. Akakichukua kile kijiti cha pili, akaandika jina la dada yake.

Tulikaa ukingoni mwa mto Kamo, watu wamejaa hadi kwenye ngazi. Mwenye nyumba wa jirani alinieleza kwamba wakati wa vita, mwaka 1943, moto ulipopigwa marufuku, watu walipanda mlimani asubuhi wamevaa mashati meupe, wakajipanga wao wenyewe wakawa ile herufi. Ilipofika saa mbili cheche ya kwanza ikatokea, kisha herufi nzima ikasimama gizani. Hapakuwa na kelele wala fataki. Nikasoma Yasini kwa sauti ya chini. Bibi alikutanisha viganja, na alingoja mpaka nilipomaliza, ingawa moto ulikuwa umeanza kufifia na wengine wanaondoka.

Tuliporudi alitoa kisanduku, akakata kipande cha mti kidogo kama ukucha, akakiweka juu ya jivu la moto mbele ya mumewe. Moshi ulipopanda nikasema "Udi!" kwa Kiswahili, bila kufikiri. Chumba cha Bibi siku ya Ijumaa, Mama. Ni mti ule ule. Wao wanauita jinko. Kitabu chao cha kale kinasema gogo lake lilielea likafika kisiwa cha Awaji mwaka 595, wakalitia motoni kama kuni za kawaida, harufu ilipoenea wakalipeleka kwa watawala. Nilimweleza tunavyofukiza nguo na nyumba, akataka kujua chombo chetu kikoje. Nikamchorea.

Kwa hiyo nina ombi. Mdogo wangu akija aniletee udi, hata wa pakiti ndogo. Na kile chetezo cha udongo cha Bibi, chenye ufa mdomoni, kilichokuwa chini ya kitanda chake, kama hujampa mtu mwingine, nifungie katika kanga zake anibebee.

Nisalimie wote. Ni mimi mwanao.