Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Sheria ya Nafaka Ijulikane Kabla ya Kupanda

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati yenu imetumia sehemu kubwa ya nguvu zake katika jambo moja: amri za kuzuia nafaka isitoke nje ya nchi. Yapo mambo mengine tuliyoyashughulikia, nami nitayataja, lakini sitayapa nafasi sawa kwa sababu uzito wake haukuwa sawa. Mkulima anaweza kuvumilia bei mbaya ya msimu mmoja, na msafirishaji anaweza kuvumilia meli iliyochelewa. Kisichovumilika ni kulala sheria ikiwa hii na kuamka ikiwa nyingine, mbegu ikiwa ardhini na shehena ikiwa njiani.

Baadhi yenu mmeniuliza kwa nini tuling'ang'anie suala hili, ilhali mara nyingi marufuku hizo huondolewa baada ya muda. Jibu langu ni kwamba marufuku huondoka, hasara hubaki. Amri inapotangazwa, nafaka iliyokuwa iende nje hurundikana ndani na bei ya shambani huanguka. Hilo ndilo lengo lenyewe, na mlaji wa mjini hupata nafuu kwa muda. Anayeilipia nafuu hiyo ni mkulima, tena yule mdogo kabisa, kwa sababu yeye huuza mara tu anapovuna ili alipe deni la mbegu na mbolea. Mwenye ghala na mtaji husubiri. Msimu ukirudi, mkulima yule hupunguza eneo la kulima. Mnunuzi wa nje naye ameshapata muuzaji mwingine, na mipaka ikifunguliwa harudi kwa kuitwa tu. Serikali iliyotaka chakula kiwe kingi hujikuta imewaondolea watu wake sababu ya kukizalisha.

Yaliyotokea katika nchi nyingine yanaonyesha hivyo. Mwaka 2010 Urusi ilipigwa na ukame na moto, na tarehe 5 Agosti serikali ikatangaza kwamba kuanzia tarehe 15 mwezi huohuo ngano haitoki. Wafanyabiashara walipewa siku 10. Mikataba iliyokwisha kusainiwa haikusalimika, na Misri, iliyokuwa ikitegemea sana ngano hiyo, ikalazimika kutafuta kwingine huku bei ikipanda. Marufuku ile ilidumu hadi Julai 2011.

India ilifanya vivyo hivyo tarehe 13 Mei 2022, wiki chache tu baada ya viongozi wake kusema kwamba nchi yao iko tayari kuilisha dunia. Mizigo iliyokuwa na dhamana ya benki isiyofutika, iliyotolewa kabla ya tarehe ile, iliruhusiwa. Mingine ilikwama, na malori yakapanga foleni bandarini yakiwa na ngano ambayo ghafla haikuwa na mnunuzi. Julai 2023 ikawa zamu ya mchele mweupe usio wa basmati. India huuza takriban asilimia 40 ya mchele wote unaovuka mipaka duniani, kwa hiyo mtikisiko ulifika mbali: Agosti mwaka ule kipimo cha bei ya mchele cha Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kilifikia kiwango cha juu kuliko vyote vya miaka 15 iliyotangulia. Mchele ule uliruhusiwa tena Septemba 2024, kwanza kwa sharti la kutouzwa chini ya dola 490 kwa tani, na mwezi uliofuata sharti hilo nalo likaondolewa. Ninawaomba mtazame mfuatano huo: fungwa, funguliwa kwa sharti, sharti likaondolewa. Mfanyabiashara gani anaweza kusaini mkataba wa miezi 6 katika hali hiyo?

Kwa maoni yangu nchi inayotufundisha zaidi ni Argentina, kwa sababu kule karibu kila njia imejaribiwa. Machi 2008 serikali iliweka kodi ya kuuza soya nje iliyokuwa ikipanda kadiri bei ya dunia inavyopanda. Wakulima walifunga barabara, mgogoro ukachukua miezi, na Julai jambo likafika Seneti, ambako kura zilifungana. Makamu wa Rais, Julio Cobos, ndiye aliyetakiwa kuamua, naye akapiga kura dhidi ya pendekezo la serikali yake mwenyewe. Kwa upande wa ngano na mahindi, kwa miaka kadhaa nchi ile iliendesha biashara kwa vibali na viwango vilivyotolewa na serikali, na wakulima wakaikimbia ngano. Desemba 2015 serikali mpya ya Mauricio Macri ilifuta kodi za kuuza nje ngano na mahindi pamoja na vibali hivyo, na msimu uliofuata eneo la ngano likaongezeka. Halafu mwaka 2018 hazina ilipokaukiwa, kodi ikarudi, ingawa Rais alikuwa yuleyule. Funzo ninalolipata ni kwamba hata serikali inayotupenda itatugeukia siku ya shida, ikiwa hakuna sheria inayoifunga mikono.

Sheria za kimataifa hazitatuokoa. Kifungu cha 11 cha Mkataba wa Jumla wa Ushuru na Biashara kinaruhusu kuzuia chakula kwa muda pale penye upungufu mkubwa. Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Kilimo wa Shirika la Biashara Duniani kinamtaka anayezuia afikirie hali ya nchi zinazonunua na atoe taarifa mapema kadiri iwezekanavyo, lakini nchi inayoendelea haibanwi na kifungu hicho isipokuwa kama huuza zao husika nje zaidi ya inavyolinunua. Na hata kwa wanaobanwa, hakuna adhabu inayotisha. Hatua moja ya maana ilipatikana Geneva, Juni 2022: wanachama walikubaliana kutozuia chakula kinachonunuliwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani kwa ajili ya misaada. Ninaitaja kwa sababu inaonyesha kwamba serikali zinaweza kujifunga zenyewe zikitaka.

Ndiyo maana hatukwenda wizarani kuomba marufuku zifutwe kabisa. Najua uamuzi huu umewaudhi baadhi ya wasafirishaji, nao walisema hivyo waziwazi kikaoni. Lakini wakulima wadogo wengi, hapa na kwingineko duniani, hununua nafaka nyingi kuliko wanayouza, hasa miezi ya mwisho kabla ya mavuno. Mama aliyeuza magunia yake msimu wa mavuno na sasa ananunua unga hawezi kuambiwa kwamba serikali haina haki ya kuingilia kati njaa inapobisha hodi. Chama kinachodai kuwasemea wakulima kikimsahau mama huyo, kimebaki kuwa chama cha wenye maghala.

Tulichoomba ni hiki. Kiasi cha akiba ya taifa kitangazwe kila mwezi, na sheria itaje kabisa kiwango ambacho akiba ikishuka chini yake ndipo serikali inaweza kuzuia. Taarifa itolewe siku 60 kabla. Mzigo wenye mkataba na kibali kabla ya tangazo uachwe upite. Na kila amri ya kuzuia iandikwe tarehe yake ya mwisho. Serikali ikitaka kuiongeza, iitetee upya hadharani. Maofisa walitusikiliza kwa heshima na wamekubali kupokea maandishi yetu. Hawajaahidi zaidi ya hapo, nami sitawaahidi ninyi zaidi ya hapo.

Upande wa pili wa biashara ni milango inayofungwa na wanunuzi. Mei 2020 China ilipandisha ushuru wa shayiri ya Australia hadi asilimia 80.5, na biashara ile ikafa mpaka ushuru ulipoondolewa Agosti 2023. Mwaka 2018, katika ugomvi wake na Marekani, iliiwekea soya ya Marekani ushuru wa asilimia 25, na wanunuzi wakahamia Brazil. Serikali ya Marekani ilitangaza fidia ya hadi dola bilioni 12 mwaka ule na bilioni 16 mwaka uliofuata. Ni nchi chache sana zenye mfuko wa namna hiyo. Sisi wengine kinga yetu ni kutomtegemea mnunuzi mmoja, hata akiwa analipa vizuri, na kamati inaendelea na mazungumzo ya kupata masoko zaidi.

Kuhusu ubora, hapa sina serikali ya kuilaumu. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka, kisha baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Wapo walioona ni siasa za biashara zilizovaa joho la afya. Huenda siasa zilikuwamo. Lakini sumukuvu ni sumu ya kweli, inaharibu ini na inaua, na aliyekausha mahindi yake vizuri na kupima hana cha kuogopa mpakani. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Mkulima anayeanika nafaka juu ya udongo mtupu na kufunga magunia kabla haijakauka anawaharibia jina wote walio katika ghala lile. Ninasema hivi kwa uchungu, kwa sababu tumeshaona ghala zima likikataliwa kwa kosa la wachache. Kamati inapendekeza kwamba ada ya mwaka ujao ianze kwa kununua mashine za kupima unyevu za kutosha vituo vyote vya kukusanyia, kabla ya matumizi mengine yoyote.

Mbolea bado ni ghali kwa wengi wetu. Tangu China ilipoanza kubana mbolea yake isiuzwe nje Oktoba 2021, na vita vya Ukraine kufuata Februari 2022, tumeona jinsi marufuku ya nchi moja inavyoingia shambani kwa nchi nyingine. Nafaka nayo iliguswa na vita hivyo: njia ya Bahari Nyeusi iliyofunguliwa kwa makubaliano ya Istanbul ya Julai 2022 ilipitisha karibu tani milioni 33 za nafaka na vyakula vingine vya Ukraine kabla Urusi haijajitoa Julai 2023. Kuhusu ruzuku ya mbolea sina jipya: tumeomba vocha zifike kabla ya mvua, kama tulivyoomba mwaka jana.

Rasimu ya maandishi yetu kwa wizara imeambatanishwa na taarifa hii. Kipengele cha siku 60 ndicho kilicholeta ubishi mkubwa zaidi katika kamati. Wapo waliotaka 30, wakisema serikali haitakubali zaidi, na wapo waliotaka msimu mzima. Mimi nimeunga mkono 60 kwa sababu ndio muda unaomtosha msafirishaji kupata meli, kupakia na kuondoka. Kipengele hicho kitapigiwa kura peke yake katika mkutano mkuu, na mwanachama asiyeweza kuhudhuria atume kura yake kwa maandishi kupitia katibu wa tawi lake.