Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Watengenezaji wa Tepurekoda za Rili

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mhazini, na mahudhurio yamo kwenye daftari la katibu. Mimi nitasema habari za meza ya kazi.

Kazi iliyotula muda ni ile tepurekoda ya Marekani yenye ganda la mbao, tuliyoletewa na mzee wetu wa Bombo pamoja na tepu za harusi za familia yake. Kabla ya kuiwasha, mafundi walibadilisha kapasita (vipuri vinavyohifadhi chaji ya umeme) zilizovimba, wakakwangua grisi iliyoganda kama nta, kisha wakaipitishia umeme kupitia balbu ya waya iliyofungwa kwenye njia moja nayo: ikiwaka kwa nguvu, kuna shoti. Balbu ilififia. Tukapiga makofi, mapema mno.

Kibao chake cha nyuma kimeandikwa volti 117, hezi 60, yaani mapigo 60 ya umeme kwa sekunde. Transfoma ilishusha volti zetu 240 vizuri, lakini transfoma haigusi hezi, na umeme wa Uganda ni hezi 50. Mota ya aina ile hufuata mapigo ya umeme, kwa hiyo ilizunguka kwa sehemu tano tu kati ya sita za kasi yake. Bibi harusi akaimba kwa sauti ya mjomba wake. Ili tusibishane kwa masikio, tulipima utepe wa sentimita 571.5, ambao kwa kasi ya sentimita 19.05 kwa sekunde unapaswa kupita kwa sekunde 30. Ulipita kwa 36.

Dawa yake ni bushi, yaani kipande cha duara kinachovishwa kwenye shafti ya mota, yenye kipenyo kilichoongezwa takriban moja ya tano. Fundi wa kukereza wa Katwe alicheka aliposikia usahihi tunaoutaka, kisha akautoa. Sasa kasi ni sawa. Hata hivyo, mota ya hezi 60 hupata joto zaidi kwenye umeme wetu. Asiiache mtu ikizunguka peke yake akaenda kunywa chai.

Wanaotafuta mashine nawashauri watazame Revox A77, iliyotoka Uswisi mwaka 1967. Kasi yake inasimamiwa na saketi, si hezi za ukutani, na ina swichi ya kuchagua volti. Kapasita zake za karatasi hupasuka na kutoa moshi, lakini hiyo ni kazi ya jioni moja.

Kuhusu ubishi wa kupaka vanishi ganda lile la mbao: sikuupenda. Tulibishana kuhusu rangi ya mbao huku tepu za doluka, ngoma ya harusi ya Wanubi, zikikaa kwenye boksi lenye unyevu. Mashine nyingine itapatikana. Ile harusi haitarudiwa. Klaus Wachsmann alirekodi muziki wa nchi hii alipokuwa akisimamia Jumba la Makumbusho la Uganda, na kazi yake inasikika hadi leo kwa sababu kuna waliotunza rekodi zenyewe.

Kwa hiyo naomba mkutano upitishe kwamba tepu ya mtu isichezwe kabla ya kukaguliwa. Inueni rili kwenye mwanga: ikipenyeza mwanga, ni ya plastiki ya asetati, na ikinuka siki imeanza kuoza. Ya plastiki ya poliesta inayonata huokolewa kwa kupashwa joto la nyuzi 54 hivi kwa saa kadhaa; ya asetati kamwe. Na jiko la mkaa si tanuri la tepu, hata kama limefunikwa. Mpaka tupate tanuri lenye kipimajoto cha kuaminika, zinazonata zitasubiri.

Mtunza vipuri wetu amehamia Arua. Anayetaka nafasi yake ampe katibu jina kabla ya uchaguzi, na ajue kwamba spiriti ni ya kusafishia hedi inayosoma tepu, si rola ya mpira.

Mwenyekiti