Kidonda changu kilikuwa juu ya kanyagio la cherehani

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita gazeti lenu lilitoa tangazo la nusu ukurasa la kifaa cha leza, yaani cha kumulika kidonda kwa mwanga, cha kujitibia nyumbani vidonda vya miguu vya wenye kisukari. Nimelikata, liko hapa mezani chini ya mkasi wangu. Linasema mgonjwa atapona akiwa kwake, bila foleni za hospitali. Kifaa cha namna hiyo ninacho. Nimekitumia miezi minne, kila usiku. Naomba nafasi niwaeleze wagonjwa wenzangu yaliyonipata, kwa sababu katika tangazo zima sikuona mahali mgonjwa anapoulizwa mguu wake unafanya kazi gani mchana kutwa.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Nimeshona tangu 1988: sare za shule, madera, kanzu za Idi. Watoto wangu wanne wamesoma kwa cherehani hiyohiyo ya miguu niliyonayo hadi leo. Sukari iligundulika 2009. Ganzi ilianzia vidoleni, ikapanda taratibu, nami nikaona ni umri tu na kukaa sana kitako.

Januari 2023, msimu wa sare, nilikuwa nikikaa kwenye mashine baada ya sala ya alfajiri na kuinuka usiku. Mjukuu wangu akaniambia, "Bibi, kanyagio lina damu." Nikageuza unyayo wa kulia. Chini ya kidole gumba, pale nyama inapotuna, palikuwa na sugu la siku nyingi, na katikati ya sugu shimo la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili. Sikuwa nimesikia hata mwasho. Watu huniuliza niliwezaje kukaa na jeraha kama lile bila kujua. Mwenye ganzi ya sukari ndivyo alivyo. Watafiti wa Dar es Salaam, akiwemo Dk. Zulfiqarali Abbas, waliandika mwaka 2005 juu ya wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala. Binti yangu aliponisomea hayo nililia, maana panya wa Ngamiani nawajua, na tangu siku hiyo nalala miguu ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri.

Mdogo wangu yuko Maskati. Aliposikia habari ya kidonda hakulala. Mwezi Machi akampa msafiri kifaa aniletee, kidogo kama rimoti ya televisheni, na bei yake ingeninunulia vyerehani viwili vipya. Alikinunua kwa mapenzi na simlaumu hata kidogo. Maelekezo yalikuwa rahisi: funua kidonda, kisogeze karibu, dakika kumi. Ule mwanga mwekundu unaouona ni wa kukuonyesha unapolenga tu, mwanga unaofanya kazi hauonekani kwa macho. Ndiyo maana unatakiwa usiuelekeze machoni kabisa, na mimi ninayehudhuria kliniki ya macho kwa sababu ya sukari hiyohiyo nilikuwa nawafukuza wajukuu chumbani kabla ya kukiwasha.

Ikawa usiku namulika dakika kumi, mchana nakanyaga kwa muda wa saa tisa. Ramadhani ile nilishona kanzu hadi mkesha wa Idi.

Mwezi Mei nilishikwa na malaria, nikalala siku nane. Kidonda kikapungua, kingo zikawa nyekundu nzuri, nikampigia mdogo wangu kumpa habari njema kwamba mwanga umefanya kazi. Nikarudi kwenye mashine. Baada ya wiki mbili shimo lilikuwa pale pale, na sugu limeota upya kulizunguka. Sikuunganisha mambo hayo mawili, mguu kupumzika na kidonda kupungua. Ninaandika barua hii kwa ajili ya mtu ambaye hivi sasa hajayaunganisha.

Julai kilianza kunuka, mguu ukavimba, mwanangu akanibeba hadi kliniki ya kisukari. Nilimkuta nesi kijana, umri wa mwanangu wa mwisho. Alinigusa nyayo kwa uzi wa nailoni sehemu mbalimbali, mimi nimefumba macho, anauliza, "Mama, unasikia wapi?" Sikusikia popote. Akatafuta mshipa unaopiga juu ya mguu, akaupata. Nikapelekwa eksirei kuangalia kama mfupa umeliwa, nao ulikuwa salama. Kisha akachukua kisu kidogo akawa anachonga lile sugu pole pole, na huku akichonga akaniuliza:

"Mama unafanya kazi gani?"

"Fundi cherehani."

"Ya mkono au ya miguu?"

"Ya miguu."

Akaacha kuchonga. "Unakanyagia mguu upi?"

Nilishindwa kujibu, kwa sababu jibu alikuwa amelishika mikononi.

Kwanza nilipewa dawa hadi usaha ukakauka na uvimbe ukashuka. Ndipo wakanifunga plasta ngumu, ile ya waliovunjika, kuanzia vidoleni hadi chini ya goti, imetengenezwa ili uzito usambae na usikae pale kwenye kidonda. Kila wiki ilifunguliwa, kidonda kikaangaliwa na kusafishwa, ikafungwa mpya. Ndani ya plasta mwanga hauingii, kwa hiyo leza ilikaa kabatini. Kidonda kilifunga kwa wiki tisa. Nimepoteza oda za wiki tisa, na mwenye duka aliyekuwa akinipa sare akahamia kwa fundi mwingine. Hilo nalo liandikwe, maana kumwambia fundi aache kukanyaga si neno jepesi. Mwanangu amenifungia mota kwenye cherehani ileile. Siku hizi nabonyeza kidogo tu, kwa mguu wa kushoto. Mota hiyo haikufika hata robo ya bei ya leza.

Sisemi kwamba mwanga ni uongo. Binti yangu anasomea uuguzi na amenitafutia. Tiba hii ilianzia Budapest mwaka 1967, kwa daktari Endre Mester, aliyemulika panya walionyolewa akaona manyoya yanarudi haraka, baadaye akaipeleka kwenye vidonda vya watu. Watafiti wanaamini mwanga mwekundu na ule ulio jirani nao usioonekana huzichangamsha sehemu za seli zinazotengeneza nguvu. Na liko jaribio la Jerusalem la kifaa cha nyumbani: wagonjwa 20, kumi wamepewa leza yenyewe, kumi kifaa cha kuigiza kisichotibu, majuma 12. Saba wa leza vidonda vyao vilifunga zaidi ya asilimia 90, na upande wa pili mmoja. Nilipofika hapo moyo ulinidunda. Lakini binti akaniambia, "Mama, soma tena." Wote 20 walikuwa wanaendelea na matibabu ya kawaida ya vidonda. Leza ilikuwa ya kuongezea. Tena watu 20 ni wachache, hawajai hata daladala, na wataalamu wa kimataifa wa mguu wa kisukari, katika mwongozo wao wa 2023, bado hawaishauri tiba ya namna hii kwa vidonda hivi. Wanachokisisitiza wao ni kuondoa mgandamizo, kusafisha kidonda, kuangalia damu kama inafika mguuni na kutibu vijidudu.

Tangazo lenu limechukua kile cha kuongezea na kukifanya badala.

Mhariri, najua matangazo ndiyo yanayolipia karatasi. Ombi langu ni kwamba linaporudi tangazo lile, mwenye nalo alazimike kuandika, kwa herufi kubwa kama za bei, kwamba mgonjwa aonwe kwanza kliniki na mguu uondolewe mzigo. Na ndugu zetu walio Maskati, Dubai na kwingineko wanaotaka kutusaidia, naomba kabla ya kununua chochote watuulize tunavaa viatu gani na tunasimama saa ngapi kwa siku. Manesi nao, wasiandike tu umri na sukari. Kijana yule alinitibu kwa swali la kazi kabla hajanifunga chochote.

Kifaa bado kiko kabatini, kizima. Jirani yangu anayeuza vitumbua amekuja juzi kukiazima, ana kidonda kisigino cha kushoto tangu mfungo uliopita. Nimemjibu kitamsubiri. Alhamisi ni siku ya kliniki na tunakwenda wote, tumekubaliana aje na viatu vyake vyote kwenye mfuko, hadi kandambili za chooni.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga
(Jina langu na namba ya simu mnavyo.)