Msiwaite wachawi watu wa Bath

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya juma lililopita kuhusu dini za kale za Uingereza, enzi ilipokuwa jimbo la Warumi liitwalo Britania, nimeisoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani macho yamenidanganya. Mwandishi ameviita vibamba vya risasi vilivyoopolewa kwenye chemchemi ya mji wa Bath "uchawi wa Kirumi". Kisha akasema waganga wa siku hizo walikuwa wakiwauzia laana watu "walioishi gizani". Nami naishi Bristol, jirani kabisa na Bath kwa treni, na mapumziko yangu mengi nimeyamalizia mbele ya makabati ya vioo yenye vibamba hivyo. Siwezi kunyamaza.

Kwanza wasomaji waelewe ni kitu gani tunachozungumzia. Pale Bath maji hububujika ardhini yakiwa na joto la nyuzi 46 hivi, zaidi ya lita milioni moja kila siku. Wenyeji walimwabudu hapo mungu wao wa kike, Sulis. Warumi walipokuja hawakumfukuza. Walimuunganisha na Minerva wao, mungu wa kike wa hekima, wakamjengea hekalu, na akawa Sulis Minerva. Mwaka 1979 na 1980 mwanaakiolojia Barry Cunliffe na wenzake walichimba tope la chini ya chemchemi ile wakakuta sarafu zaidi ya 12,000, vyombo vya sadaka, na vibamba vipatavyo 130, vyembamba kama jani, vingi vimekunjwa, vimekwaruzwa kwa ncha kali maneno ya Kilatini. Roger Tomlin, mtaalamu wa maandishi ya Kirumi, alivisoma kimoja kimoja na kuvichapisha mwaka 1988. Ni vya tangu karne ya pili hadi ya nne.

Sasa, vinasema nini? Docimedis amepoteza glavu mbili. Solinus ameibiwa nguo yake ya kuogea na joho. Docilianus, mwana wa Brucerus, ameibiwa joho lenye kofia, naye anamwomba Sulis amnyime mwizi usingizi na watoto, awe mume au mke, mtumwa au muungwana, mpaka atakapolileta joho hekaluni. Annianus amechukuliwa vipande sita vya fedha kutoka mkobani mwake. Mambo ya glavu na majoho, Mhariri. Vilio karibu vyote vinavyosomeka ni vya watu walioibiwa, wengi wao wakiwa watu wa kawaida ambao hakuna mwanahistoria wa Kirumi aliyewahi kuwataja.

Na tazameni wanavyodai. Solinus hasemi tu "mlaani mwizi wangu". Anasema: nakupa wewe, mungu, nguo yangu na joho langu. Amekwisha kuibiwa, lakini anavitoa, kama mtu anayeweka mali yake wakfu. Tangu hapo mwizi hana tena mali ya Solinus mkononi, ana mali ya hekalu, na deni lake ni kwa Sulis mwenyewe. Hii ni akili ya mtu anayejua mambo ya daawa. Sheria ya Kirumi iliuhesabu wizi kuwa kesi baina ya mtu na mtu: ilikupasa umjue mwizi wako kwanza, kisha umshtaki mwenyewe. Usiyemjua utamshtaki wapi? Polisi wa kukutafutia joho hawakuwapo. Ndiyo maana vibamba vinajitahidi kumziba mwizi kila mwanya: mume au mke, mtumwa au muungwana, mvulana au msichana. Aliyeandika hakumjua adui yake. Alijua tu kwamba mungu anamjua.

Kuhusu waganga waliouza laana, ushahidi unamkana mwandishi wenu. Karibu kila kibamba kina mwandiko wake. Kama angekuwapo mtu mmoja au wawili wanaowaandikia wateja foleni nzima, tungeuona mwandiko wao ukijirudia, na haujirudii. Watu walijiandikia, pengine wakifuata maneno waliyoyazoea kuyasikia, mmoja kwa hati nzuri, mwingine kwa kubahatisha. Na pale hapakuwa kichochoroni. Lilikuwa hekalu la wazi lenye makuhani wake. Mmoja wao, Gaius Calpurnius Receptus, alifariki na umri wa miaka 75, na kaburi lake lilijengwa na mkewe Calpurnia Trifosa, aliyekuwa mtumwa wake kabla hajamwacha huru. Alikuwapo pia mpiga ramli rasmi, Lucius Marcius Memor, wa wale waliotazama matumbo ya mnyama wa kafara, naye aliacha jiwe lenye jina lake na kazi yake bila kuona haya yoyote.

Ni kweli yapo ya kutisha, sitayaficha. Docimedis anataka aliyechukua glavu apoteze akili na macho. Kipo kibamba cha familia iliyokula yamini chemchemini tarehe 12 Aprili, Uricalus na mkewe Docilosa na jamaa zao, kinachotaka aliyeapa uongo alipe kwa damu yake. Vingine vimeandikwa kinyumenyume, na kwa hivyo naelewa neno uchawi lilikotoka. Lakini hasira ya aliyeibiwa haimfanyi kuwa mchawi. Sisi watu wa pwani tungepaswa kuwa wa kwanza kulijua hilo. Nilipokuwa mtoto Tanga, fundi wa mtaani kwetu aliibiwa cherehani, kitega uchumi chake cha pekee. Akatangaza kila baraza kwamba Ijumaa atasoma albadiri, ile dua ya kumwapiza mwizi. Alhamisi alfajiri cherehani ilikutwa mlangoni pake, imefunikwa gunia. Najua masheikh wengi hawaikubali albadiri, na sisemi dua kwa Mwenyezi Mungu ni sawa na kumwomba mungu wa chemchemi. Nasema hakuna aliyemwita yule fundi mchawi. Tulimwona mtu aliyedhulumiwa asiye na pa kwenda. Kwa nini Docilianus tumhukumu kwa mizani nyingine?

Mwandishi pia anapenda neno "washenzi", amelitumia mara tatu. Neno hilo lina ndugu yake: paganus kwa Kilatini alikuwa mtu wa shamba kabla ya kuwa mtu asiye Mkristo, na mshenzi kwa watu wa pwani alikuwa mtu wa bara. Maneno yote mawili yalizaliwa vinywani mwa watu waliojiona bora, na aliyeitwa hivyo hakuulizwa. Annianus, yule wa vipande sita vya fedha, alichagua neno jingine. Katika karne ya nne, Ukristo ukiwa umekwisha kuingia Britania, aliandika kwamba mwizi awe gentilis, yaani yule ambaye Biblia zetu zinamwita mtu wa Mataifa, au awe Mkristo, Sulis amtoze. Maneno hayo huwa nayarudia kila nikienda. Annianus hamchukii Mkristo na wala hamdharau. Anajua tu kwamba mjini wapo wa namna zote mbili, wanaoga maji yaleyale, na mkono mrefu hauna dini. Mwandishi wenu anauchora ujio wa Ukristo kama alfajiri iliyofukuza usiku. Kibamba hiki kinaonyesha majirani.

Ombi langu ni dogo. Katika toleo lijalo sahihisheni neno "uchawi", mviite vibamba vya mashtaka, au vya maombi ya haki mkipenda. Tena makala ilipambwa kwa picha ya kichwa cha shaba cha Minerva kilichopakwa dhahabu, kile kilichofukuliwa mwaka 1727. Ni kizuri, ila kila mtu hukichapa. Mkirudia habari hii chapeni kibamba kimojawapo cha wale wasiojua kuandika, maana navyo vipo: mikwaruzo mitupu inayoiga mistari ya maandishi, bila hata herufi moja. Mtu alikaa akakwaruza risasi kwa juhudi, mstari baada ya mstari, akaitupa majini akiamini kwamba Sulis ataisoma.

Wasalaam,

Msomaji wenu wa miaka mingi,
Bristol, Uingereza