Kompyuta za mtumba zinafaa kwa sinema ya nyumbani, ila tusome namba ya prosesa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikishie wasomaji wenzangu jambo lililonigharimu fedha na wiki kadhaa za usumbufu. Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, ofisi zimebaki na kompyuta nzima kabisa ambazo Windows 11 haizikubali rasmi, na mashine hizo huishia sokoni kama mtumba. Zile ndogo, ambazo hazizidi ukubwa wa kamusi, zinafaa sana kuunganishwa na runinga sebuleni na kuhifadhi filamu, muziki na picha za familia. Lakini si zote, na hapo ndipo nilipoteleza.

Nilinunua yenye prosesa (chipu inayopiga hesabu za kompyuta) ya Intel aina ya Core i5, ya kizazi cha nne, kwa kuwa muuzaji alinihakikishia kwamba i5 zote ni sawa. Siku tuliyokusanyika kutazama harusi ya mpwa wangu, iliyorekodiwa kwa simu, bibi harusi aliganda mlangoni, mguu mmoja ukiwa hewani, huku vigelegele vikiendelea kusikika na feni ya kompyuta ikivuma hadi mama akauliza kama kuna kitu kinaungua.

Video haikuwa na kosa. Simu nyingi za siku hizi hurekodi kwa mfumo wa HEVC, uitwao pia H.265, ambao hupunguza ukubwa wa faili hadi karibu nusu ya ule wa H.264, mfumo uliotangulia, lakini kuifungua picha iliyobanwa namna hiyo ni kazi nzito. Prosesa za Intel za kizazi cha sita zina sehemu maalumu ya kazi hiyo, na za kizazi cha saba zimeongezewa uwezo wa kufungua video za biti 10, ambazo ndizo hutumika kwa HDR, yaani picha zenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza. Ya kizazi cha nne haina sehemu hiyo, kwa hiyo hupiga hesabu zote kwa nguvu zake za kawaida mpaka inaelemewa. Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi asome tarakimu ya kwanza baada ya kistari: i5-4590T ni ya kizazi cha nne, i5-7500T ni ya saba. Aangalie pia nyuma ya mashine, kwani nyingi hazina tundu la HDMI bali la DisplayPort, lenye kona moja iliyokatwa, na hilo litahitaji adapta.

Kwa upande wa programu, nashauri LibreELEC, mfumo endeshi mwepesi wa Linux, unaochukua nafasi ya Windows, ambao ukiwashwa hufungua moja kwa moja Kodi, programu ya kuchezesha filamu na muziki. (Jina hilo lisiwachanganye wasomaji, halihusiani na kodi ya nyumba wala ya mapato.) Kodi ilianza mwaka 2002 kama programu ya kuchezesha video kwenye mashine ya michezo ya Xbox, na jina la sasa ililipata mwaka 2014. Ni ya bure, haidai akaunti, na bando likiisha huendelea kuonyesha kilichomo kwenye diski. Tahadhari moja tu: LibreELEC ikisakinishwa kwenye diski ya ndani hufuta kila kitu kilichokuwamo. Nyumba yenye watazamaji katika vyumba vingi itafaidika zaidi na Jellyfin, programu inayotuma video kutoka kompyuta moja kwenda vifaa vingine, ingawa hiyo inataka mtu wa kuisimamia.

Kilichonifanya nishikamane na Kodi ni filamu zetu. Programu hizi huchukua mabango na muhtasari kutoka hazina za intaneti kama TMDB, zinazojazwa na watu wa kujitolea, na filamu nyingi za Kiswahili hazimo, au hupachikwa bango la filamu ya kigeni yenye jina linalofanana. Kodi hukuruhusu kuandika mwenyewe: unaweka kando ya video faili dogo la maandishi lenye jina lile lile, linaloishia na .nfo, ukitaja ndani yake jina la filamu, mwaka na muhtasari. Binti yangu ameziandikia hivyo filamu zetu zote pamoja na mikanda ya harusi tuliyoihamishia kwenye diski, na mama, ambaye hajui Kiingereza, sasa hushika rimoti, akasoma na kuchagua mwenyewe.

Naomba gazeti lako, linapochapisha matangazo ya kompyuta za mtumba, liwatake wauzaji watoe namba kamili ya prosesa badala ya kuishia kwenye "Core i5".

Msomaji wako,
Tanga