Kuvishwa oksijeni kabla ya usingizi si dalili ya msiba

Ndugu Mhariri,

Nimefanya kazi ya kulaza wagonjwa usingizi katika hospitali za mikoa hii ya Kusini hadi nikastaafu, na sasa nahangaika na mikorosho yangu huku Newala. Wiki iliyopita jirani alikuja kwangu na lawama. Mwanawe alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo na amepona, yuko nyumbani anakula. Lakini kijana kasimulia kwamba kabla hajalala walimfunika barakoa ya oksijeni puani na mdomoni. "Dokta," akaniambia (huku kwetu kila aliyewahi kuvaa koti jeupe ni dokta), "mwanangu alikuwa anapumua vizuri tu. Oksijeni ya nini? Hali ilikuwa mbaya wakatuficha?"

Simlaumu. Tangu korona oksijeni imepata jina baya. Ukisikika umewekewa mtungi, ndugu wanaanza kuchangishana nauli.

Nilimjibu kwa mfano wa tangi, maana sisi wa juu ya uwanda wa Makonde tunalijua. Mvua inaponyesha tunakinga maji ya bati, tunajaza tangi, kwa sababu tunajua kiangazi kinakuja. Dawa ya usingizi na ile ya kulegeza misuli ndiyo kiangazi chenyewe: zikiingia, mgonjwa haachi kuhitaji oksijeni ila anaacha kuvuta pumzi. Kuanzia hapo mtaalamu amulike koo, azione nyuzi za sauti, apitishe mpira wa kupumulia katikati yake mpaka kwenye koromeo la hewa. Mara nyingi kazi hiyo ni chini ya dakika moja. Ila yako makoo ambayo hayafunguki, na hayajulikani yote mapema.

Mtu mzima aliyetulia hutumia kama robo lita ya oksijeni kila dakika. Akishatoa pumzi ya kawaida, mapafuni hubaki kama lita 2 na nusu za hewa, na hewa hii tunayovuta sote ina oksijeni asilimia 21 tu. Yaani nusu lita, wala haitumiki yote. Kilichobaki karibu chote ni naitrojeni, sawa na tangi lililojaa mchanga. Barakoa inauondoa mchanga huo na kuweka maji. Mgonjwa akipumua oksijeni tupu kwa dakika 3, au akivuta pumzi 8 za nguvu ndani ya dakika moja, mtu mwenye afya anaweza kukaa hata dakika 8 bila kupumua kabla oksijeni ya damu haijashuka vibaya. Bila hivyo, dakika moja au mbili mambo yameharibika.

Mama mjamzito tangi lake ni dogo zaidi, kwa sababu mtoto kalisukuma kutoka chini, na wanywaji ni wawili. Mtu mnene naye vivyo hivyo, akiba yake huisha upesi. Watoto ndio kabisa.

Kwa wenzangu mlio kazini nina neno, na naanza na kosa langu. Usiku mmoja, sitaji hospitali, mama alikuwa anavuja damu, ganzi ya mgongo haikufaa, daktari ameshika kisu ananitazama. Nikaipunja barakoa, nikahesabu pumzi tatu nne nikasukuma dawa. Mpira ukakataa mara ya kwanza. Ule mlio wa mashine ya kidoleni inayopima oksijeni ya damu ukaanza kushuka, tii, tii, kila mmoja mzito kuliko uliotangulia. Mama na mtoto walitoka salama, lakini mlio ule bado nausikia. Pumzi 8 zingechukua dakika moja.

Na barakoa iliyoelea juu ya ndevu au iliyoshikwa kwa vidole viwili haijazi chochote, inavuta hewa ya chumbani pembeni. Ibaneni. Kichwa cha kitanda kikiinuliwa kidogo, mapafu hupata nafasi zaidi. Mgonjwa akiogopa, mpeni aishike mwenyewe.

Jirani yangu alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja: "Sasa mbona hawakutuambia?" Hilo nikashindwa kumjibu, nawaachia mlioko huko ndani.

Mtaalamu wa usingizi mstaafu,
Newala, Mtwara